Mtoto Akiwa ICU Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kupanga Zamu, Pesa na Nyumba

Kila ninapoulizwa kuhusu jambo hili, kosa ni lile lile. Mtoto anaingizwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, Jumatatu usiku. Kufikia Jumanne adhuhuri benchi la nje limejaa: khala wawili, ami, mama mkwe kutoka Ukunda, jirani na vijana wa mtaani waliokuja kuona kama kuna la kubeba. Siku ya kumi mama yuko peke yake kwenye benchi lile lile, miguu imevimba, simu haina chaji, na hakuna anayejua kama yule mtoto wa darasa la pili aliyeachwa nyumbani amekula.

Watu wa kukusaidia ni akiba. Ukiwatumia wote siku ya kwanza, wiki ya pili hutakuwa na mtu, na wiki ya pili ndiyo inayovunja nyumba.

Mpwa wangu aliingia na nimonia akiwa na miezi minne, akakaa siku 19. Karibu makosa yote yaliyomo humu tuliyafanya sisi. Matibabu waachie madaktari. Hapa nazungumzia walio nje ya mlango.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la jalada gumu na kalamu mbili. Usitegemee simu: itazima, itaazimwa, au itaondoka na mtu.
- Nakala za kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto (au karatasi ya taarifa ya kuzaliwa), kijitabu cha kliniki, na orodha ya dawa alizokuwa akitumia.
- Laini moja ya simu ya kupokea pesa tu, isiyo na salio la mtu mwingine.
- Pawabanki na waya wake.
- Leso mbili na sweta. Nje unatoka jasho la Februari, ndani eyasii inakutetemesha.
- Chupa ya chai, malapa, mswaki.
- Kwa mama anayenyonyesha: kisanduku cha kuhifadhi baridi, vipande vya barafu, na vyombo safi vyenye vifuniko.
- Watu wanne. Hawa ndio wagumu kupatikana kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Gawa kazi nne, kila kazi na jina lake

Fanyeni hivi ndani ya saa 24 za kwanza, hata kama ni kwa kusimama uwanjani dakika kumi.

Wa kitandani ni mzazi, au wazazi kwa kupokezana. Ndiye anayezungumza na madaktari na kutia sahihi.

Msemaji anapokea simu zote za ukoo. Asiwe mama wa mtoto. Siku ya kwanza dadangu alipokea simu zaidi ya thelathini, na kwa kila moja akaianza hadithi upya tangu homa ilipopanda. Kufikia magharibi sauti ilikuwa imekauka na bado hajamwona daktari. Msemaji atume ujumbe mmoja kila siku, saa moja usiku, kwenye kundi la familia: «Leo hali ni kama jana. Bado yuko kwenye mashine ya kupumulia. Homa imeshuka. Kesho kuna kipimo cha kifua. Tafadhali msimpigie mamake.» Asiongeze maoni wala kubashiri.

Mweka hazina anashika ile laini na risiti. Kwetu kazi hii hupewa baba bila hata kuulizwa, na mimi nadhani ni kosa. Baba naye mtoto ni wake. Mahali pake ni kitandani. Mpe mjomba, au khala mwenye duka anayejua kuandika deni.

Mwangalizi wa nyumba anahakikisha watoto wengine wamekula, wameoga na wameenda shule na madrasa, na kwamba mtungi wa gesi hauishi usiku.

Tahadhari: mtu mmoja asibebe kazi mbili. Atakubali kwa mapenzi, kisha ataziangusha zote mbili.

Mtajua mmefaulu mgeni akiuliza «niwasaidie nini?» na mkaweza kumtajia mtu wa kumpigia badala ya kusema «tuombeeni tu».

## Hatua ya 2: Panga zamu kwa saa za barabara

Kwanza uliza wodi inaruhusu nini: wangapi huingia, saa ngapi, na kama kuna pa kulala mama. Kila hospitali ina utaratibu wake, na mlinzi wa lango anaujua kuliko anayekwambia kwa simu.

Kisha tazama ramani ya mji wetu. Asubuhi magari yote yanaingia kisiwani, jioni yote yanatoka. Anayetoka Bamburi au Kisauni saa moja na nusu asubuhi ataketi darajani Nyali akiuma kucha. Anayevuka Likoni halipi nauli ya feri akiwa kwa miguu, lakini anaweza kulipa kwa muda. Kwa hiyo badilishaneni nje ya msongamano:

1. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri: mama. Atoke nyumbani mara tu baada ya swala ya alfajiri, barabara bado nyeupe. Anawahi madaktari wanapozunguka.
2. Saa tisa mpaka saa tatu usiku: baba, au khala anayeaminika.
3. Saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili: mtu wa usiku. Mtu asilale benchini siku mbili mfululizo.

Kama hospitali inamtaka mama awepo kila wakati kwa ajili ya kunyonyesha, basi zamu ni za yule anayemlinda mama: kumletea chakula, kukaa mahali pake saa mbili alale, kumpeleka akaoge.

Jambo gumu hapa ni hatia. Mama ataona kwamba akilala kitandani kwake amemtupa mwanawe. Mwambieni hivi: asiyelala siku tatu hasikii anachoambiwa na daktari, na maziwa yake hupungua. Dadangu alikubali kwenda kulala siku ya sita tu, baada ya kutia sahihi karatasi aliyoshindwa kueleza ilikuwa ya nini.

Anayetoka zamu aandike mistari mitano kwenye daftari: hali ya mtoto, alichosema daktari, dawa au kipimo kilichoagizwa, pesa zilizotoka, na kinachosubiriwa. Hakuna kupashana kwa mdomo mlangoni, maana mmoja amechoka na mwingine ana haraka.

Mkifika siku ya tano na kila mtu amelala angalau usiku mmoja kitandani, zamu zinafanya kazi.

## Hatua ya 3: Maswali matatu kila asubuhi

Familia nyingi hutoka kwa daktari na neno moja: «amesema tungoje». Hiyo ni kwa sababu swali lilikuwa «ataendeleaje?», na swali hilo halina jibu. Uliza haya matatu:

- Nini kimebadilika tangu jana?
- Leo mnachunga nini hasa?
- Kesho mkiona nini mtasema amepiga hatua?

Andika jibu mbele yake, kisha lisome kwa sauti: «Nimeelewa kwamba oksijeni mmeipunguza, mnachunga mapafu, na kesho mkiona anapumua mwenyewe mtaanza kumtoa kwenye mashine. Ni sawa?» Akikusahihisha, umepata faida. Ukisikia neno usilolijua, mwombe alirudie kwa Kiswahili. Na kama anayeshika zamu ni nyanya anayesikia Kigiriama au Kiduruma vizuri zaidi, tafuta muuguzi wa kumweleza kwa lugha hiyo.

Kuhusu ile skrini yenye namba: italia mara nyingi, na mara nyingi ni kidude cha kidoleni kimeteleza au mtoto amejinyoosha. Muuguzi huanza kwa kumtazama mtoto, ndipo atazame namba. Nawe fanya hivyo. Tahadhari moja tu: usizime kengele wala usiguse waya au mpira wowote kwa mkono wako, hata kama umemwona muuguzi akifanya hivyo mara kumi.

## Hatua ya 4: Kuwa mzazi kitandani

Vua pete, saa na bangili, nawa mpaka kwenye kiwiko, ndipo uingie. Bakteria hukaa chini ya pete, na mtoto aliye na mipira mwilini ana njia nyingi za kuingiliwa.

Muulize muuguzi: «Leo naweza kumfanyia nini mwenyewe?» Kumfuta midomo, kumbadilisha nepi, kumpaka mafuta miguuni, kumsomea. Hata aliyetulizwa kwa dawa anaweza kusikia, kwa hiyo ongea naye kwa sauti ya nyumbani. Usizungumzie bili wala kulia kwa uchungu juu ya kichwa chake.

Kwa mtoto mchanga sana, kumpapasa papasa humchosha. Weka kiganja kimoja kichwani na kingine miguuni, kitulie hapo, kizito kidogo. Aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzani mdogo, uliza kuhusu kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, ule mtindo wa kangaruu. Shirika la Afya Duniani linashauri akae hivyo kwa muda wa saa 8 mpaka 24 kwa siku akiweza, na baba pia anafaa.

### Maziwa ya mama

Hapa ndipo watu wa Pwani hushindwa sana, kwa sababu ya joto letu.

Kamua kila baada ya saa mbili au tatu, angalau mara nane kwa siku, na mojawapo iwe usiku. Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa, na homoni ya maziwa hupanda usiku. Ukiruka usiku tatu, utaona tofauti.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 tu mahali pasipozidi nyuzi 25. Mombasa mchana ni nadra kuipata hali hiyo nje ya chumba chenye eyasii. Kwenye kisanduku chenye barafu hukaa mpaka saa 24, na kwenye friji siku nne, ingawa wodi inaweza kuwa na kanuni kali zaidi. Fuata ya wodi. Andika jina la mtoto, tarehe na saa juu ya kila chombo.

Dadangu alikamua alfajiri kule nyumbani Mtongwe, akafunga chupa kwa kitambaa, akaitia mkobani. Feri ilichelewa, matatu ikangoja abiria. Alipofika saa nne na nusu, nesi alifungua kifuniko, akanusa, akatikisa kichwa. Zilikuwa mililita 60. Alizililia kuliko alivyolia siku mtoto alipoingizwa. Barafu ya shilingi ishirini ingetosha.

## Hatua ya 5: Pesa

Anza na bima siku hiyo hiyo, usingoje bili. SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Kujiandikisha ni kwa *147#, au kwenye dawati lao hospitalini. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Aliyejiajiri hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mweka hazina aende dawatini na maswali manne:

1. Je, mtoto ameandikishwa chini ya mzazi? Wengi wamejiandikisha wenyewe na kuwasahau watoto.
2. Je, mchango uko hai leo?
3. Kitanda hiki kinalipiwa kiasi gani kwa siku, na tofauti ni ngapi?
4. Malipo yakifika kikomo, nani anafungua maombi ya Mfuko wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi? Mfuko huo uliwekwa hasa kwa hali hii.

Mkiwa bado mlangoni na mnaambiwa depoziti kwanza, kumbukeni Kifungu cha 43 cha Katiba: mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Litaje kwa adabu, ukiwa umemwomba msimamizi wa zamu, si kwa kelele mapokezi.

Omba bili ya muda kila baada ya siku mbili. Bili ya siku mbili unaweza kuisoma na kuuliza «hii glavu paketi sita ni za nini?». Ya siku 19 inakuzidi. Piga picha kila risiti, kisha itie kwenye bahasha moja.

Kuhusu mchango wa kundini: kila usiku mweka hazina aandike kiasi kilichoingia, kilichotoka na salio. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wetu. Nilipokea kwenye laini yangu ya duka, na mwishoni nilishindwa kueleza shilingi 3,400. Sikuiba. Lakini kuna shangazi mmoja ambaye mpaka leo hunisalimu kwa mkato.

Mkikwama, mtafuteni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, wiki ya kwanza, mkiwa na nakala zenu. Akiitwa siku ya kuruhusiwa, muda wa kuchunguza hali yenu haupo tena.

Tahadhari kubwa: usiuze kiwanja, pikipiki ya kazi wala cherehani katika siku saba za kwanza. Bei ya haraka ni bei ya kutupa, na hicho ndicho kitakacholisha nyumba mtoto akirudi. Mikopo ya simu nayo iacheni. Riba yake haingoji mtoto apone.

Mzazi aliyeajiriwa aandike barua ya likizo siku ya pili. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa si chini ya siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka. Omba tano tano ili usizimalize kabla mtoto hajatoka.

## Hatua ya 6: Wageni na damu

Kumjulia hali mgonjwa kwetu ni ibada, na hutaweza kumzuia mtu kutafuta thawabu. Usijaribu. Mgeuzie njia. Msemaji aseme: «Hospitali wanaruhusu wazazi tu, lakini watoto wako nyumbani, wapitieni huko.» Khala aliyetaka kuketi benchini atapeleka mahamri na mbaazi Mtongwe, na atarudi ameridhika.

Mwenye mafua au kikohozi asisogee hata langoni. Hili halina heshima ya umri.

Wenye nguvu waombwe damu. Mtoaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzani usiopungua kilo 50, na awe amekula. Mwezi wa Ramadhani ulizeni mapema wanapokea mpaka saa ngapi, maana aliyefunga hafai kutoa. Damu haiuzwi, anayewafuata koridoni na bei ni tapeli.

## Hatua ya 7: Watoto waliobaki

Waambie ukweli mfupi. «Mdogo wako ni mgonjwa wa kifua. Mashine inamsaidia kupumua. Si wewe uliyemfanya awe mgonjwa.» Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau, kwa sababu mtoto wa miaka saba hujilaumu kimoyomoyo.

Usiseme «amesafiri», wala «amelala tu». Mpwa wangu mkubwa aliambiwa mdogo wake amelala, akakataa kufumba macho usiku nne.

Mwalimu wa mtoto aliyebaki ajulishwe. Na mzazi mmoja ampe dakika ishirini kila siku, kwa simu ikibidi, bila kumtaja mgonjwa. Akianza kukulalamikia tena kuhusu penseli iliyopotea, ametulia.

## Ikiwa habari ni mbaya

Omba kumshika mtoto na kubaki naye, unaruhusiwa kuuliza. Msemaji apige simu zote. Kwa Waislamu wanaozika siku hiyo hiyo, mweka hazina aende papo hapo kushughulikia karatasi za hospitali na kibali cha maziko, akiwa na nakala za vitambulisho. Wazazi wasisimame foleni yoyote.

## Hatua ya 8: Kutoka ICU

Siku ya kuhamishiwa wodi ya kawaida mngetarajia furaha, na wengi hupata hofu. Wauguzi ni wachache, mashine hazipo, kimya kinatisha. Muulize muuguzi wa ICU kabla ya kuondoka: ni dalili gani, nikiiona, nimwite mtu mara moja?

Nyumbani, wiki za kwanza, mtoto anaweza kuamka akipiga kelele, kung'ang'ania mzazi, kukosa hamu ya kula, sauti kukwaruza kwa sababu ya mpira wa kooni, au kusahau alichokwisha kukijua kama kukaa au kusimama. Mara nyingi hurudi polepole. Lakini mrudisheni hospitali bila kungoja kesho akipumua kwa kasi au mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, akikataa kunyonya au kunywa, akipata degedege, au akiwa hazinduki vizuri.

Siku ya kliniki nendeni na lile daftari. Daktari aliyetupokea hakuwa amemwona mtoto hata siku moja. Alilisoma dakika tano, kisha akauliza swali moja tu.

Na wazazi wajitazame. Ukipita mwezi na bado unasikia kengele za mashine kila jokofu la duka linapolia, hulali, au unakwepa barabara ya hospitali, uliza hapo hapo kliniki kuhusu mshauri nasaha. Dadangu alikwenda mara nne. Mara ya kwanza alituambia anamsindikiza jirani.